Hadubini ya Kabatini

Mwalimu Mwanne alikuwa na hasira tangu asubuhi, na alikuwa na haki nayo. Ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu shule ingefunguliwa. Yeye alikuwa amechuchumaa sakafuni katika chumba cha darasa la saba, khanga kiunoni, akipanga vifaa vya sayansi alivyojikusanyia likizo nzima: chupa tupu alizopewa na Popatlal mwenye duka, makopo ya maziwa, nta ya nyuki iliyotoka Ipole. Vifaa vya kweli vilikuwepo. Vilikaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Eustace, ndani ya kabati la vioo, na ufunguo wake ulining'inia shingoni kwake kama hirizi.

Mwaka juzi vifaa hivyo viliposhuka kwenye treni, waliokwenda kuvibeba stesheni ni watoto. Walikuwa darasa la tano wakati huo. Walijitwisha masanduku kwenye jua kali, wakaimba mpaka shuleni, maana waliambiwa humo ndani mna hadubini, chombo cha kumfanya kiroboto aonekane mkubwa. Sasa wanaingia darasa la saba, mwaka wao wa mwisho. Wachache watakwenda sekondari. Wengine watakwenda kwenye cherehani, sokoni, au kwenye tumbaku kule Usoke. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa. Walichokifanya ni kuichora. Kila sehemu yake waliijua kwa jina, wakapata maksi zao, basi.

Na mwalimu wao je? Chuoni alikosoma Mwanne, nako hadubini ilikuwa ya kabatini. Mwanamke mzima, mwalimu wa sayansi, hajachungulia hadubini tangu azaliwe. Hilo lilimuuma kuliko yote, na hakuwahi kumwambia mtu.

Jumamosi hiyohiyo akaenda ofisini. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba hadubini kwa kipindi kimoja tu. Mwalimu Eustace hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokera, maana mtu mbaya unamchukia ukapumzika. Huyu kabati alilipenda kwa moyo wote. Vioo alivifuta kwa mkono wake mwenyewe, na mgeni wa mkoa akifika alisimamishwa mbele ya kabati hilo kabla hata ya kupewa maji. Alijibu kwa upole kwamba mali ya umma si ya kuchezea.

"Wakivunja, atajibu nani?"

"Nitajibu mimi, Mwalimu Mkuu."

"Wewe wachoree ubaoni. Unachora vizuri sana."

Mwanne akatoka. Elimu ya Kujitegemea imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, watoto wanalima, wanafyatua matofali, wanachota maji, lakini kioo kidogo cha kutazamia hawaaminiwi! Mikono iliyofaa kubeba imekuwaje haifai kushika?

Mchana akaja Mabruki, seremala, kutengeneza madawati. Mwalimu Mkuu akamwomba kwanza alisogeze kabati karibu na mlango, kwa kuwa Jumatatu wageni wa mkoa wangekuja kuufungua mwaka, naye alitaka waanze kuliona wakiingia tu. Mwanne akaitwa kushikilia vioo. Mabruki akanyanyua upande wake, na kabati likaja jepesi mno. Mgongo wote wa kabati ulibaki ukutani.

Ulikuwa mchwa. Udongo ukamwagika hadi kwenye viatu vya Mwalimu Mkuu. Vitabu vya maelekezo vilikuwa magamba matupu. Hadubini, ambayo kwa mbele iling'aa, kwa nyuma ilikuwa tope gumu. Udongo umejaa ndani ya mrija, na lenzi zimeota ukungu. Hakuna aliyeivunja. Hakuna aliyeigusa.

Mwanne alingoja Mwalimu Mkuu aseme neno, walau astaghafiru. Mwalimu Eustace akatoa leso, akapenyeza mkono kwa nyuma, akapangusa upande wa mbele wa hadubini, akaugeuza vizuri kuelekea kwenye kioo.

"Kwa mbele haionekani imeharibika," alisema. "Mabruki, pigilia ubao nyuma. Wageni ni Jumatatu."

Mabruki akabaki na nyundo mkononi, hajui amtazame nani. Mwanne hakusubiri ufunguo. Akapenyeza mkono kule nyuma kulikokuwa wazi, akaitoa hadubini, akaipakata kifuani na udongo wake.

"Irudishe, mwalimu."

"Wakishaiona waliobeba."

Jumatatu aliiweka kwenye meza kando ya dirisha, akawapanga darasa la saba mstari. Wa kwanza kuchungulia alikuwa yeye mwenyewe. Alikaa ameinama muda mrefu, kisha akainuka, akawapisha. Watoto wakaanza kupita mmoja mmoja, mikono wameifunga nyuma kama walivyozoeshwa, ikabidi kila mmoja aambiwe ashike. Zamu ilikuwa ya Swaumu, binti aliyejitwisha sanduku lenyewe la hadubini, pale Mwalimu Mkuu alipotokea mlangoni na wageni wake. Mwalimu Eustace alikuwa tayari anatabasamu, tabasamu la mtu aliyekosa pa kujificha.

Swaumu alikigeuza kioo cha chini kwenye mwanga, sawasawa na alivyofundishwa kwenye mchoro. Akafumba jicho moja. Akajaribu na la pili.

"Mwalimu, sioni kitu."

"Umeona vizuri," alisema Mwanne. "Hicho ndicho mlichotunziwa. Sasa mpishe mgeni, naye aone."