Lenzi Ndefu ya Rebeka

Rebeka Magesa alimwaga vyombo vyake vyote vya picha kitandani, nyumbani kwa baba yake pale Kunzugu, akaanza kuchagua. Usidhani ni kazi ndogo. Mwenye hoteli moja ya Musoma alimwagiza picha za kupamba kuta: milima ya Butiama jua likichomoza, na tembo wa Serengeti. Studio yake ya Manyamanyama ilizoea harusi, kipaimara na picha za pasipoti, basi. Hii ndiyo safari aliyokuwa akiililia.

Kamera alikuwa nazo mbili. Lenzi fupi ilikuwa ya mandhari, inameza mlima na anga kwa mpigo mmoja. Lenzi ndefu, nene kama chupa ya chai, ndiyo ilikuwa roho yake. Bila hiyo, tembo wa mbali anatoka kama punje ya mtama.

Ila moyo wake haukutulia, kwa sababu ya baba. Mwaka juzi tembo walivuka mto Rubana, wakaingia kwenye pamba ya Mzee Magesa, na mmoja akamvunja nyonga. Tangu hapo mzee hashuki shambani. Hushinda barazani, na mkewe Wankyo analima peke yake kule bondeni. Sasa binti anakwenda kuwapiga picha tembo hao hao wakapambe ukuta wa watu. Tangu siku mzee alipoambiwa, hata salamu anaitikia kwa kichwa. Ilimuuma Rebeka, jamani, ilimuuma kweli. Hakutaka kuondoka hivyo.

Akatoka na lenzi ndefu kuijaribu. Akaifunga kwenye kamera, akaisimamisha kwenye stendi mbele ya kiti cha mzee, akaielekeza bondeni.

"Baba, hebu chungulia."

Mzee akageuza uso pembeni. Lakini mtu mzima naye ana hamu zake. Mwisho akasogeza jicho, akakaa hapo muda.

"Mama yako yule," akasema. "Kavaa kofia yangu."

"Huwa anaivaaga kila siku, baba."

"Mimi aliniambia imeliwa na panya." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Anashika kiuno. Mbona hasemagi kama kiuno kinamuuma?"



Mzee akaisogeza kamera taratibu, akaiacha pamba, akafika kwenye vichaka vya mtoni, akavipitia kimoja kimoja.

"Walinitokea hapa," akasema. "Ningekuwa na mtu wa kuniangalizia na kidude hiki, ningekimbia mapema." Akapapasa mfuko wa shati. "Simu yangu ina chaji?"

"Ya nini, baba?"

"Wakitoka tena, nimpigie mama yako."

Rebeka aliitazama ile lenzi. Aliwaza kuta za hoteli. Kisha akamwaza mama yake ameinama kule chini, ameupa mto mgongo. Akaingia ndani, akafunga begi na kamera ya pili na lenzi fupi tu.

Asubuhi alipotoka kuaga, Wankyo alikwishashuka shambani, na mzee alikuwa kitini, simu mapajani, jicho kwenye kamera.

"Sasa hao tembo utawapigaje na hicho kifupi?" akauliza.

"Watatoka wadogo, baba. Mbali kabisa."

"Waache wakae mbali," mzee akasema, bila kuondoa jicho bondeni. "Nenda salama, mwanangu."