Dakika Kumi za Chai Moi's Bridge

Gunia nane hazikufika kinuni Eldoret, na dereva ni mimi. Nimeendesha magari ya watu kuanzia Lodwar mpaka Voi. Shule nilisoma hapa kidogo, pale kidogo, lakini mwizi sijawahi kuitwa. Sasa Mama Rael, mwenye lori na mahindi, alikuwa amenisimamisha kwa gereji ya Cynthia mbele ya mafundi wote.

"Mzee Wakoli, kamera zitasema. Zikinyamaza, tunaenda polisi."

Lori hiyo ina kamera nne na kompyuta ndogo nyuma ya kiti. Cynthia ndiye aliyeifunga. Alichomeka skrini, akapekua, akanigeukia.

"Mzee, kila ukizima injini, picha zinakatika hapo hapo. Kwa nini?"

"Huwa nalegeza waya wa betri."

"Unafanya nini?"

"Kwa foleni ya kinu tunalala siku tatu. Hii kitu yako ilininyonya betri mpaka nikasukumwa na madereva wa kutoka mji wa Turbo. Wakaniuliza kama nimebeba mahindi ama disko."

Cynthia akashika kichwa. "Si nilikwambia inajilinda? Ukizima, inaangalia dakika kumi halafu inalala. Betri ikishuka, inajizima pole pole. Ukiikata ghafla, kile ilikuwa inaandika kinaharibika."

Shahidi nilikuwa naye mmoja tu, na kila jioni nilimziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe, nikijiona mjanja.

"Alijua anachofanya," Mama Rael akasema.

"Ngoja. Kuna Alhamisi, kule shambani Moi's Bridge. Hii iliendelea kidogo kabla ya kukatwa."

Nikakumbuka. Alhamisi tulipakia jioni ili niondoke alfajiri. Mama mwenyewe aliniita chai kabla sijagusa betri. Nilikunywa vikombe viwili, ndipo nikatoka kulegeza waya.

Cynthia alianza kutengeneza ile picha iliyoharibika. Ilifunguka kwa vipande. Mkokoteni wa punda ulirudi kinyumenyume mpaka nyuma ya lori. Wanaume wawili wakashusha gunia, wakashusha lingine. Wa tatu alisimama kando akiwaelekeza kwa fimbo, kisha akageuza uso.

Mzee Paul. Bwana wa Mama Rael, mzee wa kanisa. Alfajiri ile alikuwa amenishika mkono akaniombea safari.

Nilifikiri macho yangu yamechoka. Nikaangalia tena, akawa ni yeye. Mama Rael alikuwa ameacha mdomo wazi, mkono umebaki hewani. Fundi mmoja aliweka spana chini bila kelele.

"Bado haijahifadhiwa," Cynthia akasema. "Inataka dakika tano. Na betri imeshuka, imeanza kuhesabu kujizima."

Mama Rael akanivuta kando. Sauti haikuwa yake.

"Iache izime."

"Mama?"

"Sema ni wewe. Polisi siendi. Utakuwa na kazi kwangu mpaka tukuzike, na nyumba nitakupa hapo hapo shambani. Watoto wangu wataketi wapi kanisani, Wakoli?"

Wakoli tu, bila Mzee. Nyumba sijawahi kuwa nayo. Miaka arobaini nimelala kwa viti vya malori. Na saa moja iliyopita mama huyu alitaka nifungwe kwa kitu ambacho sasa ananiomba nikubali.

"Hilo jina la mwizi nitaenda nalo wapi, Mama?"

"Hapa hakuna mtu anakujua."

"Mimi je?"

Cynthia akasema kutoka ndani ya lori, "Dakika moja, halafu inazima."

Nikapanda, nikageuza ufunguo. Injini ililalama, ikanyamaza. Nikageuza tena. Ikalalama kwa muda mrefu, ikashika, moshi ukajaa gereji. Nikakanyaga mafuta, sikuondoa mguu mpaka Cynthia aliponionyesha kidole gumba kwamba imehifadhiwa.

Mama Rael alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, akinitazama kama ni mimi nilishusha zile gunia.