Siku Msimamizi Alipokaa

Ijumaa mchana, baada ya kula wali, Mwanaidi Shekiondo alijilaza kidogo mkekani, na kabla feni haijampoza vizuri akawa amekwishafika ndotoni.

Alifika Tulizani. Mji huo anaujua vizuri kuliko Newala, alikohamishiwa kuuza dawa na ambako hana ndugu wala shoga. Tulizani ni mji wa mchezo wa mtandaoni. Watu huingia kwa simu na kompyuta, wakaigiza maisha, kila mmoja na uhusika wake: huyu daktari, yule polisi, mwingine fundi baiskeli. Mwanaidi anauza vitumbua. Sura za majirani zake hao hajaziona hata siku moja, lakini alipougua malaria ndio waliomuuliza hali kila asubuhi.

Wiki iliyopita walivamia wavurugaji. Waliigonga zahanati kwa lori la maji, wakamwaga unga wa vitumbua uliokwishaumuka, wakawatukana wageni hadi baadhi yao wakaapa hawarudi. Mwanaidi alituma ripoti. Msimamizi wa mchezo, mtu anayejiita Kombo, alijibu neno moja tu, "Imepokelewa," kisha akawatoa wavurugaji na kuujenga mji upya, tofali kwa tofali. Mwanaidi alitaka kumshukuru. Kila akiandika, anaona maneno madogo, anafuta.

Basi ndotoni yuko mbele ya geti la Tulizani, na geti linamuuliza, "Uhusika wako uko wapi?"

Mwanaidi anafungua mkoba. Uhusika wake umo, sahani ya udongo yenye maua ya bluu.

"Ushike vizuri," linasema geti. "Hapa kuvunja uhusika ni marufuku. Juzi mtu aliuvunja wake papa hapa, mpaka leo tunafagia."

Anaingia kwa uangalifu. Ndani si mtaa tena, ni ukumbi wa zahanati, na katikati ya ukumbi lori la maji linazunguka peke yake, bila dereva. Linamgonga Daktari Fumbwe. Daktari anakufa, anainuka, anajikung'uta koti, halafu analinyoshea lori mkono.

"Hatujawahi kuonana," anasema. "Mimi ni Fumbwe. Karibu sana Tulizani."

Lori linamgonga tena.

"Hatujawahi kuonana," anasema Daktari.

"Daktari, ni lile lile!" Mwanaidi anapiga kelele.

"Dada yangu, kanuni inasema ukifa unamsahau aliyekuua," anajibu Fumbwe kwa upole. "Ila nashangaa mbavu zinaniuma."

Mwanaidi anaogopa kweli. Anaona wakazi wamejipanga ukutani, masanduku vichwani, wanasubiri kuhama. Wakiondoka hawa, jioni atazungumza na nani? Anaita, "Kaka Kombo!"

Kombo yupo. Amesimama kwenye kona, mrefu, mwembamba, miguu imezama sakafuni hadi vifundoni.

"Ushahidi," anasema.

Mwanaidi anatia mkono mkobani, anatoa bakuli lenye mfuniko. Anafunua. Ndani mna dakika moja ya wiki iliyopita, ingali ya moto, inatoa mvuke. Kombo anaionja kwa kidole.

"Kweli," anasema. Analigeukia lori. "Ulikuwa unataka nini?"

Lori linazima injini. "Nilitaka mtu aniangalie."

"Walikuangalia?"

"Walikimbia."

"Utafungiwa," anasema Kombo. Wakazi wanaleta kanga, wanalifunga lori kama mzigo wa mitumba, mafundo mawili mbele na moja nyuma, wanalisukuma nje ya geti.

"Kwa muda gani?" anauliza Mwanaidi.

"Mpaka lijifungue."

Nje lori linaanza kugumia. Daktari Fumbwe anachukua glavu na kutoka mbio. Kisha kengele inalia, ting, na Daktari anarudi amekumbatia baiskeli ndogo nyekundu, ingali imelowa.

"Shikamooni," inasema baiskeli.

"Marahaba," wanaitikia wote.

"Naomba kazi. Najua kubeba vitu bila kumwaga."

Wakazi wanatazamana. Mmoja anateremsha sanduku lake. Mwingine naye anateremsha. Mwanaidi anaifungia baiskeli kapu la vitumbua, nayo inaondoka polepole, ikipigia kengele kila kona.

Hapo anamgeukia Kombo aseme yale aliyoshindwa kuandika, lakini macho yake yanashuka kwenye ile miguu. Imevimba, mishipa imetokeza.

"Kaka, umesimama tangu lini?"

"Tangu mji ufunguliwe. Mimi ni msimamizi."

"Huwezi kukaa?"

Ubao wa kanuni ukutani unakohoa. "Akikaa," unasema, "atakuwa mkazi."

"Basi awe mkazi kidogo," anasema Mwanaidi. "Ubaya wake nini?"

Ubao unajisoma juu hadi chini, unajisoma tena, hauoni ubaya wowote.

Kiti hakuna. Mwanaidi anaingia jikoni kwake Newala, ambako ndotoni ni mlango mmoja tu kutoka zahanatini, anabeba mbuzi ya kukunia nazi, anaikunjua. Wakazi wanamshika Kombo kwapani na kumng'oa sakafuni kama muhogo. Anakaa. Anafumba macho. Anapewa kitumbua, anakula taratibu, na Daktari Fumbwe anakwenda kusimama kwenye kona badala yake.

"Asante, kaka," anasema Mwanaidi, na safari hii neno halimpungukii. "Nilikuwa sina mtaa. Umenirudishia."

Kombo analia kidogo, mdomo umejaa kitumbua.

Mwanaidi aliamshwa na simu. Feni ilikuwa ikizunguka, jua bado limo uani. Ujumbe ulitoka Tulizani, kwa Kombo yule yule wa neno moja.

"Dada Mwanaidi, sijui kwa nini nakuandikia. Nimepumzika leo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Ila kile kiti chako kina meno."

Aliusoma, akaketi, akausoma tena. Kisha akaandika bila kufuta hata herufi moja: "Kaa tu, kaka. Leo nasimama mimi."