Bunduki ya Ami Mnadani Nizwa

Mume wangu Sleyum hajui kuuza hata ndizi, sikwambii bunduki. Lakini mwaka ule wa tisini na nane alijitia dalali. Kila alasiri akishasali akiiteremsha bunduki ukutani, akiilaza juu ya mkeka, kisha akikaa kuitazama na kuitia bei. Nikipita na sinia la chai ananiambia nikanyage taratibu, utadhani kuna mtoto kalala.

Sababu ilikuwa moja tu, nami n'naisema mapema asije mtu akamdhania tamaa. Dada yake mkubwa, Khamisa, aliyebaki Unguja sisi tulipokimbilia huku Omani mwaka wa sitini na nne, alikuwa anapofuka. Jirani yake ndiye aliyetupigia simu. "Bi Khamisa anasema, kama Sleyum anataka kuonwa, basi aje sasa. Jicho moja limeshakwenda, na la pili linafuata." Sleyum aliweka simu chini, akaanza kuhesabu fedha. Pencheni yake ilitosha unga na umeme. Mwanetu Adil ndiyo kwanza kaoa, na baba yake akaapa kuwa hatomsumbua. Kitu cha thamani nyumbani kilikuwa hiyo bunduki.

"Si umwambie Muhanna?" nikamwuliza. Muhanna ni mtoto wa ami yake, mtu wa hapa hapa Nizwa, mwenye mashamba ya mitende, na hajui hata neno moja la Kiswahili.

"Watu wametupa nyumba, wamenitafutia kazi, leo tena niwaombe nauli? Nina uso gani, Turkiya?"

Wanaume na haya zao! Nikamwacha.

Bunduki yenyewe ni ile ya kizamani, ya risasi moja moja. Ami yake, baba yake Muhanna, Mungu amrehemu, alimpa wiki tuliyofika. Sikukuu ilikuwa inakaribia, na siku ya Idi wanaume wa hapa husimama safu mbili na silaha zao, wakiimba. Ami akasema mtoto wa ndugu yake hasimami mikono mitupu. Basi Sleyum, karani wa bandarini Unguja, mtu asiyewahi kushika hata manati, akaibeba begani kama ufagio. Watu walicheka hata nikatamani ardhi ipasuke niingie.

Sasa akawa anaitia bei kiungo kimoja kimoja. Kitako kilipasuka zamani, kikafungwa waya wa shaba, hapo apunguze. Pete tatu za fedha kwenye mtutu, zimenakshiwa, hapo aongeze. Mtambo ukivutwa unalia vizuri, aongeze tena. Akishafika juu anaona haya, anashuka. "Nataka bei ya haki," ananiambia. "Mnunuzi asijione kaibiwa, nami nisijione nimeitupa." Loo, nilichoka! Bei ya haki, bei ya haki, hata ndotoni nikaisikia.

Siku moja akaufungua mtambo, bunduki tupu haina kitu, akaweka ukucha wa dole gumba nyuma ili mwanga uingie, akachungulia kwa mdomo wa mtutu. Ndivyo wanavyopima mafundi. Akakaa humo muda mrefu.

"Turkiya, njoo uone."

Nikatia jicho, nikitaraji kucheka. Ndani mlikuwa na pete za mwanga, moja ndani ya nyengine, zikizunguka polepole na kwenda mbali, mbali kuliko urefu wa bunduki yoyote. Nikajiona n'natembea miguu mitupu kwenye kichochoro cha baridi, kuta za chokaa huku na huku, harufu ya asumini inatoka sijui dirisha lipi. Mwisho wa kichochoro pana mlango wenye jua, na mtu kasimama pale, mkono kauweka juu ya macho, ananitafuta. Nilitaka kumwita nikashindwa. Nilipoondoa jicho, shavu limerowa.

"Umemwona?" Sleyum akaniuliza.

"Nimeona kutu," nikamjibu, nikaenda zangu jikoni.

Jioni ile akakata shauri: riali mia tatu. Zingemfikisha Unguja na kumrudisha.

Ijumaa asubuhi tukenda sokoni, chini ya kuta za ngome. Nilimfuata kwa sababu namjua, angeishusha bei kabla hajaulizwa. Vumbi la mbuzi limepanda, jua limeingia ndani yake, na watu wanapita humo taratibu bila ya kuonekana miguu. Dalali, kijana mwembamba anaitwa Mahrous, akaitia bunduki begani akaanza kuwazungukia wanaume waliokaa. Desturi ni kuwa anayetaka hunyoosha mkono, akaifungua, akaitazama, akataja bei yake, na dalali akaenda nayo kwa mwengine aipandishe. Mimi nikakaa pembeni na bibi mmoja wa Kibedui, Kaltham, aliyekuwa akiuza kamba za mbuzi, na Sleyum kasimama mbele yetu.

Mzee wa kwanza akaipokea. Akaziona zile pete za fedha. Akairudisha kwa mikono miwili, "Mungu abariki," akatazama chini. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu hakuipokea kabisa.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nikamnong'oneza Sleyum, maana hasira zilinipanda. "Umeizidisha."

Akamwambia Mahrous ashushe mpaka mia mbili na nusu. Kimya. Mia mbili. Soko zima lina kelele, mbuzi wanalia, ila pale tulipo pametulia kama msibani. Mahrous hapazi tena sauti, jasho linamtoka. "Mzee wangu, tuirudishe nyumbani," akamsihi. Lakini Sleyum keshakuwa na macho ya yule dada tu mbele yake. Akapiga kelele mwenyewe, "Mia na hamsini!"

Kaltham akanifinya paja. "Mumeo ana wazimu? Bunduki ya nyumba haitiwi bei na mwenye nyumba kakaa pale!"

"Mwenye nyumba nani?"

Akanionesha kwa kidevu. Muhanna alikuwa amekaa ng'ambo, bakora mapajani, hatingishiki. "Ile silaha ya baba yake, nani asiyeijua? Mpaka yeye aseme uza, hapana mwanamme wa hapa atakayetia neno. Na nyinyi mnazidi kumshusha bei marehemu mbele ya mwanawe."

Ya Rabbi! Miaka yote hiyo tupo Nizwa, na hapana aliyetwambia. Na nani angetwambia? Mtu haelezi jambo alilolinyonya kwa mama yake.

Nikainuka, lakini Muhanna alikuwa keshainuka. Akaja, akaichukua bunduki begani kwa Mahrous. Hakupandisha sauti.

"Sleyum, umekosa nini kwangu?"

Sleyum akaanza kukifunga upya kilemba chake. Nikaona huyu atatuaibisha mpaka adhuhuri.

"Amekosa nauli!" nikasema mimi, kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, mbele ya wanaume wote wale. "Dada yake anapofuka Unguja, anataka kuuona uso wake kabla ya giza, naye anaona haya kukwambia. Haya, nimesema!"

"Dada yake yupi?"

"Khamisa. Binti wa ami yako."

Muhanna akashika bunduki kwa mikono yote miwili. "Khamisa yu hai?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Tangu tufike, Sleyum hakuwahi kulitaja jina lile mbele yao. Lilimuuma kumwacha, akalifungia kifuani, na wao hawakuuliza, wakidhani wanamhifadhi.

"Kabla hamjafika tuliambiwa kauawa, Baba akamsalia," Muhanna akasema. "Sala ya maiti, msikiti mzima. Amekufa akiamini kuwa mtoto wa ndugu yake yuko kaburini. Na wewe unakula naye sahani moja, Sleyum, husemi?"

Sleyum akalia, mtu mzima yule, kilemba kikamfunguka. Nami nikalia, sikuona haya ya mtu.

Muhanna akakipapasa kile kitako cha waya wa shaba. Kisha akamrejeshea Mahrous bunduki. "Uza."

Vichwa vikainuka. Mia tatu, akasema yule yule mzee wa kwanza. Mia nne, kutoka nyuma. Mikono ikanyooka huku na huku, Mahrous sauti imemrudi, anakimbia. Mwisho ikachukuliwa na mtu wa mji wa Ibra, Khalaf, kwa bei ambayo Sleyum asingethubutu kuitaja hata peke yake chooni.

"Zimepita nauli," nikasema.

"Nauli mbili," akasema Muhanna. "Nakwenda naye. Tumemzika mtu hai, nikamwombe radhi."

Mtu yule ambaye hajawahi kuvuka bahari, ndevu nyeupe, vumbi la mbuzi mpaka kwenye nyusi, akanigeukia mimi. Akaniuliza mkubwa wako huamkiwaje kwa Kiswahili. Nikamwambia. Akajaribu, ikamkwama kooni, akajaribu tena. Wenzake wanamtazama, hajali. Akairudia na kuirudia mpaka ikanyooka: "Shikamoo, dada."

Sleyum alikuwa bado uso kaufunika kwa kilemba. Ndani ya kilemba mle, kwa sauti ndogo, akaitikia badala ya yule dada asiyekuwapo.

"Marahaba."