Kioo Kilichotoa Shikamoo

Ulimi wangu ndio adui yangu. Bila huo ulimi nisingekuwa nimekaa kwenye kigoda asubuhi ile, katikati ya shamba la ngano lililovunwa huko Basotu, nimezungukwa na milango mitatu ya kabati yenye vioo.

Ilianzia kwa Mama Marieta, mama yake Gaudensia wangu. Siku nilipokwenda kujitambulisha alinitazama juu mpaka chini, akauliza, "Wewe Hermani, ukiacha kuongea, unaweza nini?" Nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa najisifu. Nikamwambia mimi ni mwindaji, na Jumapili wajomba wakija kutoka Gitting kunijadili, watakula kanga niliyempiga mwenyewe. Mama akasema sawa, ila bila kanga nisije kuwapotezea watu muda. Gaudensia akafunika uso kwa mikono. Anajua kwamba bunduki ya marisau niliyorithi kwa marehemu baba naimiliki kihalali, kibali cha ndege ninacho, na msimu mzima sijaangusha hata unyoya.

Si kosa langu! Nenda Basotu baada ya mavuno ukaone. Hakuna kichaka, hakuna mti, ni mabua tu mpaka macho yachoke. Kanga anakuona ungali nyumbani unafunga kamba za viatu. Ndipo nikaona kwenye simu wazungu wanaojificha ndani ya vibanda vya vioo. Kioo kinaonyesha nyasi, ndege anaona nyasi, na mwindaji yumo ndani anakunywa kahawa. Ijumaa nikaenda Katesh kwa Saumu, anayeuza vitanda na kabati, nikamwomba aniazime milango mitatu kwa siku moja.

"Unaoa au unafungua saluni?" akauliza.

"Naoa, dada Saumu, kanga wakikubali."

Alicheka mpaka akaniongezea mablanketi ya kuifungia.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya kibali changu. Kabla jua halijachomoza nilishaisimamisha milango kwa vigingi, nikaiinamisha mbele kidogo ili ionyeshe mabua badala ya mbingu. Nikarudi nyuma hatua thelathini kuitazama kazi yangu. Sikuiona! Nilizunguka shambani nikitafuta kibanda nilichokijenga mwenyewe, nikakipata kwa kujikwaa kwenye blanketi la Saumu. Nilifurahi mpaka nikajipongeza kwa sauti.

Saa mbili kanga wakaja, kumi na wawili, wakidonoa ngano iliyomwagika. Dume lao likajiona kwenye kioo, likavimba, likaanza kupigana na mwenzake. Ko! Ko! Ko! Mimi ndani nimeuma kofia nisicheke. Lilikuwa karibu kiasi cha kulishika mkia, lakini kulipiga ni kuupiga mlango wa Saumu. Nikangoja wasogee kushoto, kwenye upenyo nilioacha kwa ajili ya mtutu, upande wa Ziwa Basotu ambako hakukuwa na mtu.

Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo mtu wa Basotu hapaswi kulisahau. Kombaini ikishavuna na kutoka shambani, kina mama huingia kuokota masuke yaliyobaki, na kanga wamewazoea, huokota nao kama majirani. Nikasikia sauti upande wa kulia. Ya kwanza ilikuwa ya Gaudensia. Ya pili ilikuwa ya mama yake.

"Mama, njoo uone! Kuna kioo!"

"Kioo cha nani huku shambani?"

Mama Marieta akaja na gunia lake begani, akasimama mbele ya mlango wa kulia, hatua mbili kutoka kwangu. Nilimwona kupitia ufa mdogo. Nyumbani kwake kuna kioo kimoja, kidogo kama kiganja, cha kutazamia jicho likiingia uchafu. Hakuwahi kujiona mzima. Akajitazama. Akageuka upande. Akatua gunia, akakaza kitambaa kichwani.

"Kumbe ndiye mimi huyu? Gaude, mbona hamkuniambia kwamba bado nipo?"

Akaanza kucheza, mabega kwanza, miguu ikafuata.

Wakati huohuo kanga wanne wakajipanga kwenye upenyo wa kushoto. Kidole kilikuwa tayari. Nilitakiwa kunyamaza dakika moja tu, nioe.

Lakini mtu mzima, mkubwa kuliko mama yangu mzazi, yuko hatua mbili na sijamsalimu! Nilijaribu, jamani. Niliuma meno. Tangu nijue kusema nimefundishwa kwamba mkubwa hapiti bila salamu, na hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kuizuia. Ikatoka yenyewe, kwa sauti ya kwaya.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba," Mama Marieta akakijibu kioo.

Kisha akashtuka kwamba amejibu kioo. "Yesu na Maria!" Gunia likaruka, mama akaruka, kanga wote kumi na wawili wakaruka. Niliweka bunduki chini nikatoka mikono juu. Gaudensia alikuwa amekaa kwenye mabua, anacheka mpaka hapumui. Mama alinitazama mimi, akawatazama kanga wakipotelea ziwani, akaondoka. Akarudi kuchukua gunia, akaondoka tena.

Jumapili baada ya misa nilikwenda mikono mitupu. Mjomba Qamara, mkubwa wao, akauliza, "Kanga yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani haukutoa kitu.

"Walikuwa kumi na wawili," Mama Marieta akasema. "Nimewaona kwa macho yangu. Alikuwa ameshawapata, akawaacha ili anisalimu."

"Dada, si ulisema bila kanga asije?"

"Nilisema. Angenyamaza akampiga, leo mngekula kanga, na binti yangu ningebaki naye."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Jikoni Gaudensia akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, akanyamazishwa, akapiga kingine. Mjomba akasema basi yaletwe maharage.

"Ila mlango mmoja," mama akaongeza, akinigeukia, "ule wa kulia. Huo haurudi Katesh."