Alichosema Jicho

"Mwangalizi wetu alikosea," Kamanda akasema kwenye kipaza sauti, "Mungu amsamehe." Bwalo zima likainamisha vichwa. Mimi sikuinamisha changu. Damu ilinipanda mpaka kwenye mizizi ya nywele.

Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa kikosi chetu cha mizinga. Nje, mzinga wa kwanza wa kikosi ulikuwa umepakwa rangi mpya na kuvishwa shada shingoni kama bibi harusi. Ndani, Kamanda, aliyekwisha kustaafu na kunenepa, alikuwa akitusimulia historia yetu: mizinga ya zamani iliyokokotwa kwa malori, vita vya mpakani, kisha siku ya bonde. Safu ya mbele, kando ya wake za maofisa, aliketi mama yake Jicho. Walimwalika wenyewe. Walimbandika beji kifuani, wakamkalisha kwenye kiti chenye mto, halafu wakamchafulia jina mwanawe mbele ya macho yake.

Jicho ni jina tulilompa sisi. Mzinga, hata uwe mkubwa kama nyumba, ni kipofu. Unapiga kitu kilicho nyuma ya kilima, na wanaoulisha makombora hawakioni. Lazima mtu atangulie mbele na askari wa miguu, alale kwenye nyasi na darubini yake, aseme redioni: ongeza, punguza, kushoto kidogo, hapo hapo. Mtu huyo, mwangalizi wetu, alikuwa yeye. Mimi nilikuwa nyuma, upande wa pili wa redio, kazi yangu kusikia na kupaza. Kikosi kizima kiliapa kwamba tu wapenzi. Wapi! Lakini mtu anayeshinda sikioni mwako kutwa nzima huwa zaidi ya ndugu. Na alikuwa mtani. "Dada, waambie wapishi waongeze chumvi," alikuwa akisema, nami nikajua kombora limeanguka karibu ila halijakolea.

Siku ya bonde hakutania. Jua lilikuwa utosini.

"Sitisha!" alisema. "Wetu wameshavuka mto. Tumo humo humo. Sitisha mapigo!"

Nikapaza neno kwa neno. Kamanda alikuwa amesimama kando yangu, karibu kiasi cha kunikanyaga. Alikwishawaahidi wakubwa kwamba bonde litakuwa letu kabla ya jioni.

"Aliyemo humo ni adui," akanijibu.

"Afande, Jicho anasema ni watu wetu!"

Akanipa kisogo, yeye mwenyewe akawapungia mkono wapiga mizinga. Ardhi ikaruka. Sikioni mwangu Jicho aliendelea kupiga kelele, mpaka redio ikabaki inakwaruza tu.

Kwenye uchunguzi nilieleza yote. Daktari wa jeshi akanimulika masikio kwa tochi, akawaambia wakubwa kwamba mizinga imeniharibu, ushahidi wangu haufai. Ni kweli, sikio la kushoto limekufa. Redio niliisikilizia la kulia. Nani aliniuliza? Wakanivisha nishani, wakanifungulia mlango nitoke jeshini.

Sasa, bwaloni, nikasimama.

"Muongo!" nikasema. Sikuhitaji kipaza sauti. Sisi wa mizinga hatujui kunong'ona. "Alikwambia usitishe. Nilikupazia, ukanipa kisogo. Umewaua wale vijana, kisha ukamtwika marehemu!"

Kamanda akatabasamu, tabasamu la mtu anayemvumilia mlevi. "Dada yetu huyu, mnajua, masikio yake…"

Watu wakacheka. Wapiga mizinga wa siku ile walikuwa wamekaa meza moja, wote walionisikia nikipaza. Nikawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja akaona jambo la maana sana ndani ya sahani yake. Mpaka leo, nikikumbuka sahani zile, meno yananisagika.

Bendi ikaamriwa ipige. Ndipo mama yake Jicho akainuka. Akabandua beji, akaiweka juu ya mto wa kiti, akaja mpaka nilipo na kunishika mkono. Tukatoka. Hakuna aliyetuzuia wala kutusindikiza.

Tulivuka uwanja wa gwaride, jua likituchoma visogo.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote hii nimeambiwa alibabaika. Aliogopa?"

"Hapana, mama. Alikasirika. Mwisho alimtukana Kamanda."

"Alimtukanaje?"

Nikasita. Lilikuwa tusi ambalo mtu halitamki mbele ya mkwe wala mzazi. Akasimama, akaningoja. Nikalitamka, macho yangu chini.

Akacheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa.

"Hilo ni la baba yake," akasema. "Nilimchapa kwa ajili ya tusi hilo tangu hajaota meno ya pili."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Tukaenda kidogo, karibu na geti, mlinzi akitutazama.

"Lirudie," akaniambia. "Safari hii, kwa sauti."