Jani Aliloleta Fermín

Fermín Condo alikuja kumposa binti yangu akiwa na kitambaa kilichofungwa majani ya koka, kama desturi ya hapa milimani Yungas inavyotaka. Mama wa msichana akilipokea jani kwa mikono miwili na kulitafuna, amekubali. Nililipokea. Sikulitafuna.

Roho ilikataa. Babu zetu Waaymara waliposema koka walimaanisha 'mti', basi, kana kwamba miti mingine yote ni magugu. Wageni wakilisikia jina hilohilo wanaona unga mweupe na polisi. Na wiki iliyopita kijiji kizima kilimwona Fermín akibeba gunia la majani meusi, yaliyonyeshewa mvua yakiwa yameanikwa uani. Jani jeusi halitafuniki. Wanaolinunua ni wale wa mashimo ya msituni, wanaolikanyaga kwenye mafuta ya taa kutengeneza unga huo. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajisemea. Nimwoze Nieves wangu kwa mtu wa mashimo? Thubutu!

Nikayapekua aliyoleta. Ya kijani, mazima, hayana hata mkunjo. Nikayanusa. Nimeanika jani miaka thelathini juu ya mawe aliyotandaza marehemu mume wangu, na harufu ya ua wangu siwezi kuikosea. Yalikuwa yangu.

"Kijana, haya umeyavuna wapi?"

Akainamisha kichwa. "Shambani, mama."

"Shamba la nani?"

Akanyoosha mkono akitaka kukichukua kitambaa chake.

"Mwizi we! Unaniposea binti kwa jani langu mwenyewe?"

Nikakikung'uta kitambaa, majani yakamwagika sakafuni, jambo ambalo hapa hata mlevi halifanyi. Fermín akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Majirani walishajaa mlangoni.

Nieves akanigeukia. "Mama, mimi ndiye niliyempa hilo jani. Hakutaka kunitaja."

"Ulimpa kwa nini?"

"Siku ile wewe uko kwenye mkutano wa wakulima, mimi niko mtoni, mvua ikashuka ghafla. Jani lake limeanikwa kwao juu, letu limeanikwa hapa. Akaliacha lake, akakimbilia letu. Lake likaharibika lote, akakosa la kuja kuposea."

"Na lile gunia?"

"Alikwenda kulimwaga shambani kwake liwe mbolea! Ungemuuliza tu, mama. Lakini wewe huulizi, unahukumu."

Majuto ni mjukuu, lakini wangu alizaliwa palepale. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikapiga magoti, nikaokota jani mojamoja.

Hapa hakuna mama wa msichana aliyewahi kwenda kuposa mwanamume. Watu watanicheka hadi mavuno yajayo. Wacheke. Niliupanda mlima na kitambaa kile mkononi mpaka kwa Dominga, mama yake Fermín, nikamweleza yote bila kujitetea. Mwanawe alikuwa nyuma ya nyumba, namsikia anapasua kuni. Hakuja kunisalimu.

Dominga alilipokea jani kwa mikono miwili. Kaliweka mapajani, ananitazama. Nimekaa hapa tangu mchana, na bado hajatafuna.